Nimo

Saa tisa za usiku, Ísafjörður.
Theluji imelikandika dirisha kama chokaa.
Kwenye kiwambo, maandishi mekundu: nafasi imekwisha.
Vipimo vya mlimani haviingii tena.
Nguzo ya nne inaita, nguzo ya saba inaita,
na mashine haina pa kuziweka sauti zao.

Nikaandika amri ya kufuta.
Futa vyote, ndani kwa ndani, usiniulize.
Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe
nilipomsikia Hallmar, aliyestaafu Oktoba,
na ambaye saa hiyo, bila shaka, alikuwa kitandani na soksi zake:
"Sólrún, kabla hujafyeka, tazama miguu yako."

Nikairudisha amri herufi kwa herufi
mpaka mstari ukabaki mtupu, kishale kikipepesa.
Nikaandika tatu tu: p, w, d.
Sijui swali dogo kuliko hilo.
Halina salamu wala pambo. Niko wapi?

Mashine haikuniambia "upo",
kama mwalimu anayeita majina darasani;
wala "uko", ya huko huko kusikojulikana.
Ilinijibu kwa "umo":
umo ndani ya hiki, kilichomo ndani ya kile,
kilichomo ndani ya kingine, hadi kwenye mzizi.

/theluji/asili/nguzo/tangu-mwanzo

Mikwaju minne, yote imeinamia upande mmoja
kama nguzo zetu kule juu baada ya tufani.

Asili!
Nami nilidhani nimo katika muda,
chumba cha makapi, cha vitu vya kutupwa asubuhi.
Sikumbuki nilihama lini. Labda saa sita,
nilipoifuata hesabu moja yenye kasoro,
nikaingia, nikaingia tena,
kisha kahawa ikaiva, nikasahau kutoka.

Humo mlikuwa na miaka arobaini na tisa.
Sentimita za asubuhi, za kwanza kwa penseli,
za Guðfinna wa posta, aliyepanda mlima peke yake
na fimbo aliyoitia alama kwa rangi ya kucha.

Hallmar aliwahi kunionyesha mchezo.
Alifungua madirisha mawili. Katika la kwanza
akaingia kwenye kabrasha, akatulia humo.
Katika la pili akalifuta kabrasha lile lile.
Akarudi, akauliza niko wapi,
na mashine ikataja njia nzima bila kigugumizi,
mpaka mlangoni pa mahali ambapo hapakuwapo tena.
"Haitakuambia," alisema, "mpaka utoke, ujaribu kurudi."
Yeye alicheka.

Shangazi yangu Fjóla bado anapokea barua
za nyumba iliyobebwa na theluji kabla sijazaliwa.
Tarishi anajua. Anazipandisha ghorofa ya pili,
kwenye fleti yenye harufu ya rangi mpya,
na juu ya bahasha mtaa umeandikwa wima, namba kumi na moja.
Ukimuuliza Fjóla anaishi wapi,
huitaja namba hiyo kwanza, halafu hujisahihisha.
Siku nyingine hajisahihishi.

Nikatoka. Nukta mbili, ngazi moja.
Nukta mbili, ngazi nyingine.
Kila ngazi nikauliza tena
kama mtu anayepapasa ukuta umeme ukikatika.
Nilipofika kwenye muda niliuliza mara mbili,
nikaisoma njia kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu.
Kisha nikafuta.

Nguzo ya nne ikaingia: mia mbili na kumi na sita.
Ya saba bado kimya.
Katika daftari la zamu niliandika
saa tisa na dakika arobaini, nafasi imepatikana,
na sikuongeza neno.
Jumatano Hallmar atakuja kunywa kahawa yetu ya bure.
Sijaamua kama nitamwambia.